Kifaranga Asiyekula: Joto Kwanza, Chakula Baadaye

Kwa mkulima wa Singida, kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumbani. Mvua zikiadimika na mtama ukanyauka, kuku ndiye auzwaye ili daftari na dawa zipatikane, na matenga ya kuku wa mkoa huu husafirishwa kwa barabara hadi Dodoma na Dar es Salaam. Kwa hiyo kifaranga ajitengaye na wenzake, macho yamefumba na mabawa yameshuka, asiyedonoa chochote, si jambo dogo. Mara nyingi mwenye huruma humpanua mdomo na kumtilia uji. Huruma hiyo yaweza kumwua, maana tundu la kupitishia hewa limo nyuma tu ya ulimi, na uji huingia mapafuni.

Kifaranga aliyeanguliwa leo hana haraka ya kula. Muda mfupi kabla hajavunja ganda, mabaki ya kiini cha yai huvutwa kupitia kitovuni na kuingia tumboni mwake. Akiba hiyo humlisha kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo sababu vifaranga wa siku moja huweza kusafirishwa mbali bila chakula. Adui wa kwanza, basi, si njaa bali ni baridi.

Hesabu ndogo itaeleza jambo hili. Tuseme kifaranga ni mchemraba wenye upande wa sentimita 3. Ujazo wake ni sentimita 27 za ujazo, na eneo la uso wake ni sentimita mraba 54. Yaani kila sentimita moja ya ujazo ina sentimita mraba 2 za kupotezea joto. Kuku mkubwa akiwa mchemraba wa sentimita 10, ujazo ni 1,000 na eneo ni 600, yaani 0.6 tu. Kifaranga hupoteza joto zaidi ya mara tatu kwa kila sehemu ya mwili wake, naye hana manyoya kamili. Uwanda wa Singida uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una upepo mkali. Mwili ukipoa, uyeyushaji wa chakula hupungua na kifaranga hupoteza hamu ya kula.

Darasani jambo hili laweza kupimwa kwa chupa mbili, ndogo na kubwa, zilizojazwa maji ya moto yenye joto sawa. Wanafunzi wasome kipimajoto kila baada ya dakika 5, kisha warudie chupa ndogo ikiwa imefunikwa kwa pamba.

Mfugaji naye aanze kwa kushika miguu ya kifaranga. Ikiwa ni baridi, amweke katika boksi lenye matundu, karibu na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, na abadilishe maji yanapopoa. Joto lifaalo juma la kwanza ni digrii 32 hadi 35 za Sentigredi. Kifaranga akihema mdomo wazi na kuikimbia chupa, joto limezidi. Jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu huua kuku na watu.

Akisha kupata joto, apewe maji ya vuguvugu. Ncha ya mdomo ichovywe kidogo tu, pua zisiguse maji, kisha aachwe ameze mwenyewe. Chakula hufuata: kiini cha yai lililochemshwa na kuvunjwavunjwa, uwele uliosagwa, au mchwa wadogo. Mashudu ya alizeti, ingawa ni mengi Singida, yana makapi magumu mno kwa umri huu. Chakula kitandazwe juu ya karatasi na kugongwagongwa kwa kidole, kama mama anavyogonga kwa mdomo. Mwenzake mmoja mwenye afya akiwekwa kando yake, hufundisha kuliko kidole. Makinda wa tausi huhitaji msaada huo zaidi, kwa kuwa mama yao huwaonyesha chakula kwa mdomo wake.

Kinyesi kikigandamana nyuma, kioshwe kwa maji ya vuguvugu. Lakini vifaranga kadhaa wakizubaa pamoja, au kinyesi kikiwa na damu, hilo ni gonjwa: watengwe na mtaalamu wa mifugo aitwe. Mdondo hauna tiba. Kinga yake ni chanjo, ambayo kwa kuku wa vijijini hutolewa kwa tone la jichoni.

Aliyepona baridi hurudishwa chini ya mama yake usiku. Mchana mama huweza kumdonoa kama mgeni. Gizani humfunika pamoja na wengine.