SOMO LA URAIA: KUNUNG'UNIKA HAKUTOSHI, ANDIKA

Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi wakati dagaa wanaanikwa, au kaa barazani Ujiji jioni. Utasikia maneno kama haya: "Fulani kalala ndani siku tatu, hakuambiwa kosa lake." "Na yule mwingine katoa elfu ishirini ndipo akaachiwa." Watu hutikisa vichwa, husema "Ndiyo dunia", kisha kila mtu huenda zake. Kesho jambo lile lile humpata mwingine.

Wewe umekwisha kujua kusoma na kuandika. Kalamu yako si ya kuandikia barua za jamaa tu. Leo tujifunze namna ya kuitumia unapoonewa na mtu mwenye cheo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Tuhuma: Jambo ambalo mtu anadhaniwa kulifanya, lakini bado halijathibitishwa.
Mahabusu: Chumba cha kumweka mtu aliyekamatwa, pia mtu mwenyewe aliyewekwa humo.
Dhamana: Ahadi kwamba mtu akiachiwa atarudi siku atakayoitwa.
Kuwajibika: Kukubali kujibu kwa kazi uliyopewa, ikiharibika au ikifanikiwa.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Pia inakataza kumtesa mtu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaeleza zaidi:

1. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu.
2. Kwa makosa ya kawaida, ukikamatwa bila hati ya mahakama, ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani au uachiwe kwa dhamana.
3. Polisi akipekua na kuchukua mali yako, akupe hati ya vitu alivyochukua.

Dhamana ya polisi hainunuliwi. Anayekudai fedha za mfukoni mwake ili akutoe anadai rushwa.

Sisi wa Kigoma tunapakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo mara nyingi watu wetu huulizwa uraia wao njiani. Kuulizwa si kuonewa. Lakini kudaiwa fedha ili uachwe uende zako, huko ni kuonewa.

BARUA MBILI

Tuseme mvuvi mmoja amekamatwa, akakaa ndani, akalipa fedha, akatoka. Sasa anataka kulalamika. Anaandika hivi:

"Polisi wa hapa ni wabaya sana. Wanatuonea sisi wanyonge kila siku. Tumechoka."

Maneno hayo pengine ni ya kweli, lakini mkubwa akiisoma barua hiyo atafanya nini? Hajui ni askari gani, siku gani, wala mahali gani. Sasa soma barua ya pili:

"Kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Kigoma.
YAH: LALAMIKO LA KUWEKWA MAHABUSU NA KUDAIWA FEDHA
Mimi ............, mkazi wa mtaa wa ............, nilikamatwa tarehe ............ saa 2 usiku, mwaloni ............, na askari wawili. Mmoja alikuwa na namba ............ kwenye sare. Sikuambiwa kosa. Nilikaa mahabusu mpaka tarehe ............ saa 4 asubuhi. Askari wa zamu alinidai shilingi 20,000. Nililipa, sikupewa risiti. Walioona ni ............ na ............ . Naomba jambo hili lichunguzwe na nijibiwe kwa maandishi.
Sahihi ............"

Barua hii haina tusi hata moja, lakini ni nzito. Ina mtu, mahali, saa na mashahidi. Atakayetaka kuikana itambidi ajibu neno kwa neno.

Usitie chumvi. Uliloona, sema umeona. Ulilosikia, sema umesikia. Uongo mmoja mdogo utaiangusha barua nzima, na wewe unaweza kushtakiwa. Kama umeumizwa, nenda hospitali mapema na utunze karatasi za matibabu. Andika nakala mbili. Anayepokea aweke muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Nakala hiyo itunze kama unavyotunza hati ya shamba.

UPELEKE WAPI?

Anza kwa mkuu wa kituo. Kama ndiye unayemlalamikia, au hakujibu, nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Mambo ya rushwa yapeleke TAKUKURU. Unaweza pia kuiandikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001 kushika mahali pa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Tume hupokea malalamiko bure, kwa barua au kwa mdomo, na mtu aweza kulalamika kwa niaba ya mwingine. Lakini haiingilii kesi iliyokwisha kufika mahakamani.

Je, unaogopa? Ni haki yako kuogopa. Basi usiende peke yako. Nenda na ndugu, jirani au msaidizi wa kisheria.

JE, INASAIDIA?

Mwezi wa Oktoba 2001, wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walifukuzwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Wanakijiji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka malalamiko kwenye Tume. Tume ikaona kuwa haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa. Wakaenda mahakamani, na shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani. Safari ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Lakini nyumba zilizochomwa bila kuandikwa popote, nani angezikumbuka leo?

Tena kumbuka Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1976, katika upelelezi wa mauaji, watu wengi walikamatwa huko. Wengine waliteswa, na baadhi wakafa mikononi mwa wapelelezi. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu yeyote, ila waliopiga walikuwa chini yake. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaondoka. Huko ndiko kuwajibika. Na kuwajibika hakukumharibia jina Mwinyi: alikuwa Rais tangu mwaka 1985 hadi 1995.

NA HUKU MTAANI?

Mwenyekiti wa mtaa na diwani hawamwamuru polisi. Lakini wao ni wako, umewapigia kura. Mgambo wa manispaa akichukua samaki wako bila hati, andika kwa Mkurugenzi na umpe diwani nakala. Mkutano wa mtaa au wa kijiji ukiitwa, nenda, uulize mapato na matumizi, na udai swali lako liandikwe katika kumbukumbu.

Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa moja ya serikali 15 za miji na majimbo duniani, pamoja na Paris na Seoul, kujaribu mpango wa kuendesha serikali kwa uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo. Basi, je, haki ya kuuliza nayo imekwisha? La. Haikuletwa na mpango ule, wala haikuondoka nao. Mikutano ya wananchi imo katika sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini barua ya kwanza haina nguvu?
2. Je, kiongozi awajibike kwa kosa la mtu aliye chini yake? Toeni sababu.
3. Mtaani kwenu, mkutano wa mwisho ulifanyika lini? Nani aliuliza swali, na alijibiwaje?

ZOEZI: Chukua daftari. Andika upya barua ya pili kuhusu mali iliyochukuliwa bila hati. Mpe mwenzako aisome. Akikuuliza "Lini?" au "Nani?", bado haijakamilika.