Baada ya Mbio Ndefu

Kijana anayejizoeza mbio za marathoni, yaani kilometa 42.195, akirudi nyumbani baada ya kukimbia kilometa 30 na kujilaza mkekani, tusimwite mvivu. Akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini imekaribia kwisha. Kwanza atembee kidogo, abadili nguo zilizolowa jasho, kisha ale kabla usingizi haujamchukua: uji wenye sukari, ndizi, maharage. Zamani sisi walimu tuliwakataza wanafunzi wasinywe maji mbioni. Tulikosea, na wengine walianguka. Hata hivyo asinywe kupita kiu yake, maana maji mengi mno huipunguzia damu chumvi. Akichanganyikiwa, au mkojo ukiwa rangi ya kahawa, apelekwe hospitali upesi. Kesho yake atembee tu, asikimbie.