Kuwinda Bata Mkubwa wa Mwiba

1. Ndege mwenyewe. Kwenye mito na mabwawa ya inchi ya Katanga yuko bata anayepita mabata wote wa Afrika kwa ukubwa. Mgongo wake ni mweusi wenye kung'aa, tumbo lina weupe, mdomo na miguu ni myekundu. Dume aweza kufika kilo 6. Kwenye kiungo cha bawa ana mwiba mkali. Msimshike angali mzima. Anakula majani na mbegu, tena viazi vitamu na karanga za mashamba.

2. Majira. Wakati wa mvua anataga mayai majanini. Mwenye kuua mama juu ya mayai ameua na watoto. Baada ya kulea, manyoya makubwa ya mabawa yanaanguka yote pamoja, naye hawezi kuruka majuma kadhaa. Kumpiga kwa fimbo siku hizo ni rahisi, lakini mwaka ujao bwawa litakuwa tupu. Ngojeni kiangazi, mpaka mwone kundi lote linaruka vizuri.

3. Mahali. Kwanza mtafute ruhusa: sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inaitaka. Ndani ya Parki ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939, kuwinda kumekatazwa. Tena msiwinde penye maji yanayotoka kwenye mashimo na viwanda vya shaba. Katika ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, wenye elimu walipima samaki wakakuta madini mwilini mwao. Bata naye anakula na kunywa mle mle.

4. Siku ya kuwinda. Mwende wawili, na watu wa nyumbani wajue njia yenu. Mfike kabla ya mapambazuko. Asubuhi bata anatoka majini kwenda kula. Mchana anapumzika ufukoni. Jioni anakula tena. Simameni kati ya maji na malisho, ili ndege aanguke pakavu. Msimfuate majini: mamba na kiboko wako. Msipige chini kuelekea matete. Labda mvuvi yumo. Waueni wanaotosha chungu tu, na kutoa matumbo upesi, kwa kuwa jua linaozesha nyama.

5. Jikoni. Angalieni sana! Kuna wadudu wa maua wenye kutoa malengelenge ngozini. Kule Gambia imejulikana ya kuwa bata huyu akiwala, nyama yake inakuwa na sumu. Moto hauiondoi. Pasueni koo na firigisi. Mkikuta wadudu hao, zikeni ndege mzima. Hata tumbo likiwa tupu, msile bata wa majira ambayo wadudu hao wamejaa mashambani. Mtu akiumwa tumbo na kukojoa damu baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja. Toeni pia kila kipande cha risasi, maana ni sumu, hasa kwa watoto.

Maulizo
1. Kwa nini tusiue bata asiyeweza kuruka?
2. Tunasimama wapi, na kwa nini?
3. Tunatazama nini katika firigisi?