Unga wa Zinki: Faida na Hatari Yake

Zinki, ambayo mabati hupakwa yasishike kutu, ina kazi nyingine pia. Ikiunganishwa na asidi itokayo katika shahamu ya ng'ombe au mafuta ya mawese, hupatikana unga mweupe, mwororo, usiolowa maji, uitwao stearati ya zinki. Unga huo huifanya poda ya uso ishikamane na ngozi. Viwandani hupakwa ndani ya kalibu ili vitu vya mpira na plastiki visinate humo.

Lakini ni hatari kuuvuta puani. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, madaktari waliandika habari za watoto wachanga waliokufa kwa kuvuta poda yenye unga huo. Basi mama ampakaye mtoto poda yoyote aimimine kwanza kiganjani, mbali na uso wa mtoto, na kopo aliweke mahali pasipofikiwa naye.