Mwalimu Aliyeacha Cheo Chake

Mtoto wa Unguja au wa Pemba hana haja ya kuambiwa karafuu ni nini. Ameiona ikianikwa juu ya majamvi, na harufu yake aijua tangu utotoni. Walakini mkarafuu si mti wa asili wa visiwa hivyo. Kwao ni visiwa vya Maluku, mbali sana upande wa maawio ya jua, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mwaka wa 1770 Wafaransa walichukua miche kutoka huko wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mti ule ukafika Unguja. Katika somo hili tutasoma habari za nchi ile iliyotuletea karafuu, na habari za mtu mmoja wa nchi hiyo, aliyezaliwa katika ukoo wa kifalme, akapenda kuwa mwalimu wa watoto.

Nchi hiyo huitwa Indonesia. Yote ni visiwa, vingine vikubwa sana kama Sumatra, vingine vidogo hata havikai mtu. Na vyote pamoja vyapita 17,000. Msafiri akitoka Sabang, upande wa magharibi, kwenda Merauke, upande wa mashariki, atapita zaidi ya kilometa 5,000. Lugha za watu wake zazidi 700. Walio wengi ni Waislamu, tena wako Wakristo, Wahindu na Wabuddha. Zaidi ya nusu ya watu wote hukaa katika kisiwa kimoja tu, yaani Java. Basi jiulizeni: watu wa lugha nyingi namna hii, waliotengwa na bahari, wawezaje kuwa taifa moja?

Waholanzi walifika huko mara ya kwanza mwaka wa 1596, wakitafuta karafuu, kungumanga na viungo vingine. Kwanza walikuwa wafanya biashara. Kisha wakajenga ngome. Mwisho wakawa watawala. Mwaka wa 1830 waliweka amri katika Java kwamba kila kijiji kitenge sehemu ya tano ya mashamba yake, kilime humo kahawa, miwa au nili kwa ajili ya serikali. Mara nyingi watu walitakiwa kutoa zaidi ya hiyo, na mahali pengine njaa iliingia, kwa sababu waliokuwa wakilima mpunga wao walikuwa wakilima mali ya wengine. Faida ilipelekwa Uholanzi.

Baadaye watu wengine wa Uholanzi wenyewe waliona haya, wakasema kwamba nchi yao ina deni kwa watu wale. Tangu mwaka wa 1901 serikali ilianza kufungua shule zaidi. Lakini shule zilikuwa chache, na zilizo bora zilikuwa za Wazungu na za watoto wa wakuu. Hata katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1930, katika kila wenyeji 100 hawakupatikana 10 wenye kujua kusoma.

Mtu tunayemsoma alizaliwa katika mji wa Yogyakarta, katika Java, tarehe 2 Mei, 1889. Jina lake lilikuwa Soewardi Soerjaningrat, na mbele ya jina hilo huwekwa Raden Mas, maana yake ni mtu wa ukoo bora. Babu yake alikuwa mtawala, Paku Alam wa tatu. Katika Java mambo hayo yalikuwa na uzito mkubwa. Lugha ya Kijava ina maneno ya namna mbalimbali: mdogo akisema na mkubwa hutumia maneno ya unyenyekevu, na mkubwa akimjibu hutumia maneno mengine. Hivyo mtu akifungua kinywa tu, hujulikana ni nani aliye juu na ni nani aliye chini.

Soewardi alipelekwa katika shule ya uganga iliyokuwako Batavia, mji ambao sasa huitwa Jakarta. Hakumaliza masomo yake, akaingia kazi ya kuandika katika magazeti. Hata mwaka wa 1913 likatokea jambo lililogeuza maisha yake. Waholanzi walitaka kusherehekea miaka 100 tangu nchi yao ilipotoka chini ya mamlaka ya Wafaransa. Sherehe ilikusudiwa kufanywa Uholanzi na katika Java pia, na wenyeji nao wakaombwa kutoa fedha. Ndipo Soewardi akaandika makala katika gazeti. Alisema kwamba yeye kama angekuwa Mholanzi, asingefanya karamu ya uhuru katika nchi ambayo watu wake wamenyimwa uhuru, wala asingewataka watu hao walipie karamu hiyo. Hakutukana mtu, wala hakuita watu washike silaha. Alijifanya Mholanzi kwa maneno tu, ili Waholanzi wajitazame kama katika kioo.

Maneno yake yaliwachoma. Yeye na rafiki zake wawili walihukumiwa kuondoshwa katika nchi yao, naye akaenda Uholanzi pamoja na mke wake. Wengine wangalikaa huko wakiwaza kisasi. Soewardi alikaa akisoma. Alijifunza kazi ya ualimu mpaka akapata cheti, akachungua namna watu wa nchi nyingine wanavyolea na kufundisha watoto. Akaanza kuona kwamba kazi ya kuandika magazeti haitoshi. Gazeti lamfaa ajuaye kusoma. Je, wale wasiojua?

Alirudi Java mwaka wa 1919, na tarehe 3 Julai, 1922, akafungua shule yake katika mji wa Yogyakarta. Aliiita Taman Siswa, yaani Bustani ya Wanafunzi. Jina hili lilikuwa na maana. Mtunza bustani hawezi kuuvuta mche ili uwe mrefu upesi, akiuvuta utang'oka. Kazi yake ni kupalilia, kumwagilia maji, na kuulinda na wanyama; mche hukua wenyewe. Ndivyo alivyotaka walimu wafanye. Aliwafundisha kwamba mwalimu akiwa mbele ya watoto, awe mfano wao. Akiwa katikati yao, awaamshe hamu ya kazi. Akiwa nyuma yao, awatie nguvu. Hata leo maneno ya mwisho ya mafundisho haya yameandikwa katika alama ya wizara ya elimu ya Indonesia.

Shule zile hazikutaka fedha za serikali, kwa kuwa atoaye fedha hutaka pia kutoa amri. Walimu walipata mshahara mdogo wakaishi kwa kiasi. Watoto walijifunza michezo na nyimbo za kwao pamoja na hesabu na elimu ya dunia. Katika mwaka wa 1928, alipotimiza miaka 40 kwa hesabu ya Wajava, mwalimu huyu aliacha jina lake la ukoo na cheo cha Raden Mas. Akajiita Ki Hajar Dewantara, na neno "Ki" ni heshima apewayo mzee au mwalimu. Aliona kwamba hawezi kukaa karibu na watoto wa wakulima ikiwa jina lake lawalazimisha kuinama.

Mwaka uo huo wa 1928 vijana wa visiwa vingi walikutana Batavia, na tarehe 28 Oktoba wakaapa kwamba nchi yao ni moja, taifa lao ni moja, na lugha ya umoja wao ni moja. Ni lugha gani waliyoichagua? Wajava walikuwa karibu nusu ya watu wote, na lugha yao ilikuwa na vitabu vya zamani. Lakini hawakuichagua. Walichagua Kimalei, lugha ya wafanya biashara wa bandarini, ambayo waliozaliwa nayo walikuwa wachache. Waliipa jina jipya, lugha ya Indonesia. Katika lugha hii mdogo na mkubwa husema maneno yale yale, na hakuna kabila kubwa liwezalo kujivuna kwamba lugha ya wote ni lugha yake. Wajava waliokubali jambo hili waliacha cheo chao, kama Ki Hajar alivyoacha chake.

Ni ajabu kwamba katika mwaka huo huo wa 1928 mkutano ulifanyika Mombasa, ukakata shauri kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa vitabu vya shule katika nchi za Afrika Mashariki. Lakini angalieni tofauti. Mombasa walioamua ni wakuu wa serikali za kikoloni na wamisioni. Batavia walioamua ni vijana wenyewe, wala hawakuwa na serikali.

Hata mwaka wa 1932 serikali ya Waholanzi ilitoa sheria juu ya shule zisizopokea fedha zake. Ilisema kwamba mtu asifundishe katika shule hizo ila awe na ruhusa ya serikali. Wakati huo Taman Siswa ilikuwa na shule zaidi ya 100. Ki Hajar alimpelekea Gavana Mkuu simu ya maandishi, akamwambia kwamba hatapigana kwa nguvu, lakini ataipinga sheria ile kwa kutoitii, muda wote atakaoweza. Vyama vya watu wa dini na vya watu wa siasa, ambavyo kwa desturi havikupatana, vilisimama pamoja naye. Na mwaka wa 1933 serikali iliisimamisha sheria ile. Mwalimu asiye na askari hata mmoja alishinda, kwa sababu wazazi walizijua shule zile kuwa ni zao.

Indonesia ilitangaza uhuru tarehe 17 Agosti, 1945. Ki Hajar akawa waziri wa kwanza wa elimu. Vita na Waholanzi viliendelea mpaka mwisho wa mwaka wa 1949, walipokubali kuondoka. Yeye alifariki mwaka wa 1959, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 2 Mei, ndiyo siku ya elimu katika nchi ile.

Laiti hadithi ingekwisha hapa, ingekuwa tamu. Lakini yatupasa kusoma yote. Baadaye nchi ilitawaliwa na Jenerali Suharto muda wa miaka zaidi ya 30. Serikali yake ilifanya jambo kubwa: kati ya mwaka wa 1973 na 1979 ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 kwa fedha za mafuta, na watoto wa vijiji vya mbali wakapata kusoma. Walakini serikali hiyo hiyo iliwafunga watu walioisema. Mwandishi Pramoedya Ananta Toer alipelekwa katika kisiwa cha Buru mwaka wa 1969, akakaa huko mpaka 1979 bila kuhukumiwa. Alipokuwa hana karatasi, aliwasimulia wafungwa wenzake hadithi zake kwa mdomo; na zilipopigwa chapa baadaye, serikali ilizikataza. Waholanzi walimwondosha Soewardi kwa ajili ya makala moja. Na watu huru wakamtenda mwenzao vivyo hivyo.

Tena mwaka wa 1975 majeshi ya Indonesia yaliingia Timor ya Mashariki, yakaitawala kwa nguvu. Shule zilijengwa huko pia, na watoto walifundishwa lugha ya Indonesia. Lakini watu wa Timor hawakuwa wamekaa katika mkutano wa Batavia, wala hawakuapa. Walipoulizwa kwa kura mwaka wa 1999, katika kila watu 100, 78 walitaka kujitenga. Na mwaka wa 2002 wakawa nchi yao wenyewe. Lugha ile ile iliyowaunganisha walioichagua, haikuweza kuwafunga waliolazimishwa.

Hata Suharto naye aliondoka. Mwezi wa Mei, 1998, katika shida ya fedha, maelfu ya wanafunzi waliingia katika uwanja wa jumba la bunge mjini Jakarta, wakakaa humo, na tarehe 21 akajiuzulu. Wengi wao walikuwa wamesoma katika shule zilizojengwa wakati wa utawala wake. Ajengaye shule hajui mtoto atakalouliza akishajua kusoma.

Basi, mwanafunzi, ukimaliza shule utapata cheti, na watu wa kwenu watakuita msomi. Ndipo utakapotakiwa kuchagua. Waweza kufanya elimu yako iwe cheo cha kukutenga na wenzako, nao wainame wakikusemesha. Au waweza kuketi nao, ukawapa ulichopewa. Mwana wa jumba la Paku Alam alichagua la pili, na jina aliloliacha si wengi wanaolikumbuka. Jina la mwalimu lakumbukwa na taifa zima.

MASWALI

1. Mkarafuu ulitoka wapi, nao ulifikaje Unguja?
2. Kwa nini makala ya Soewardi iliwachoma Waholanzi, ijapokuwa hakumtukana mtu?
3. Eleza kwa nini shule yake iliitwa Bustani ya Wanafunzi.
4. Kwa nini vijana wa mwaka wa 1928 hawakuchagua Kijava, lugha ya walio wengi?
5. Habari za Timor ya Mashariki zatufundisha nini juu ya lugha na umoja?
6. Andika sentensi kumi juu ya mtu wa kwenu aliyewapa wengine elimu yake bila kujivuna.