Pesa Iko kwa Simu ya Mama, na Mama Yuko Leba: Jipange Kabla ya Wiki ya 36

Kuna simu moja ambayo wahudumu wetu wa wateja hawapendi kuipokea. Huingia usiku, kwenye zile saa ambazo hata boda stejini wamelala. Anayeongea ni mume, au mama mzazi, au dada mtu, na nyuma yake unasikia vitanda vya magurudumu vikisukumwa. "Halo, nisaidie tafadhali. Mke wangu ameingizwa thieta. Pesa yote tuliweka kwa simu yake. Simu ninayo hapa mkononi lakini sijui PIN. Nitakupa namba ya kitambulisho chake, nitakupa chochote unachotaka."

Jibu letu huwa ni moja: pole sana kaka, hatuwezi.

Tunajua jibu hilo linauma, kwa hivyo wacha tueleze. Mwizi aliyechomoa mkoba wa mama kwenye matatu jana jioni naye anaweza kutupigia na hadithi kama hiyo. Simu anayo. Kitambulisho anacho, kilikuwa kwenye mkoba huohuo. Mhudumu wetu hamwoni mtu uso, anasikia sauti tu. Tukianza kufungua akaunti za watu kwa sababu anayepiga analia, hakuna mteja atakayelala salama. Lakini yule baba aliye pale hospitalini hana kosa lolote, na pesa ni yao, waliiweka kidogo kidogo kwa miezi. Ipo, na haitoki.

Basi makala hii ni ya nyinyi mliobakisha wiki chache. Orodha za nguo za mtoto mtazipata kwa shangazi na majirani bila hata kuuliza. Tunataka tuongee juu ya mahali pesa inapokaa, na nani anaweza kuitoa saa nane usiku.

"Si basi nimpe tu PIN?"

Tunajua mnapeana, hatutajifanya hatujui. Lakini fikiria PIN inafungua nini. Haifungui ile akiba ya hospitali peke yake. Inafungua salio lote, akiba nyingine, na mkopo unaoweza kuchukuliwa kwa jina lako na kukuachia deni ukiwa bado wodini. Na kikitokea chochote, kwenye rekodi zetu muamala huo ni wako, kwa sababu PIN iliyotumika ni yako. Hata kama unamwamini mume wako kabisa, PIN iliyotajwa kwa sauti kwenye korido ya hospitali imesikiwa na watu wengine watano.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kuihamisha pesa mapema, ikae kwa mtu atakayekuwa amesimama kwenye dirisha la malipo. Anatumia simu yake na PIN yake, na wewe unabaki na yako.

Na mtu huyo ni nani? Watu wengi hujibu "baba ya mtoto" bila kufikiria. Mara nyingi ndiye. Lakini kama anafanya kazi ya usiku, au yuko Mombasa na wewe uko Eldoret, au ni yule ambaye simu yake huzimika kila jioni, basi chagua mwingine. Kipimo chetu ni kimoja: mpigie usiku wa manane bila kumwambia kwamba ni mtihani. Aliyepokea ndiye wako. Anaweza kuwa mama mkwe, anaweza kuwa jirani wa mlango wa pili. Hakuna aibu. Mume anaweza kununiwa kidogo asubuhi, lakini yataisha.

Gawa pesa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni nauli. Hili lisikae kwenye akiba ya aina yoyote. Liwe kwenye salio la kawaida la msindikizaji wako, na sehemu yake iwe noti mkononi. Ndiyo, sisi kampuni ya pesa za simu tunakuambia uweke noti, na bosi wetu asome pole pole. Mtandao unaweza kusumbua, wakala anaweza kuwa amefunga au hana floti, na dereva wa teksi anaweza kutaka kujaza mafuta kwanza kabla hamjang'oa nanga. Ongea na dereva mmoja wa mtaani kwenu mchana, mkubaliane bei ya usiku, na uchukue pia namba ya mwenzake. Boda ni ya haraka, lakini mama aliye kwenye uchungu kukaa juu ya pikipiki kwenye barabara ya mashimo si jambo la kupanga. Kama unakaa mbali na barabara ya lami, uliza kliniki mapema jinsi ambulensi ya kaunti inavyoitwa na inatoka wapi.

Fungu la pili ni la hospitali, na hapa ndipo watu hukisia tu. Usikisie. Ukienda kliniki, pitia dirisha la malipo uulize mambo haya: kujifungua kwa kawaida ni ngapi, upasuaji ni ngapi, amana wanataka kiasi gani mtu akifika, na namba yao ya malipo ni ipi. Iandike namba hiyo nyuma ya kitabu cha kliniki, pamoja na jina linalotokea kwenye skrini unapoitumia. Tutarudi kwa hilo jina baadaye.

Kuhusu SHA: tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na Linda Mama ya zamani ikageuka Linda Jamii. Kuwa ulikuwa mwanachama wa NHIF hakukufanyi uwe na malipo ya SHA leo. Piga *147# uangalie kama umesajiliwa na kama mchango wako umelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayejiajiri anapangiwa kiwango baada ya kujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima mbele. Hiyo ni shilingi 3,600 kwa aliye kiwango cha chini kabisa, na si pesa ya kutafuta ukiwa tayari unahesabu dakika kati ya uchungu mmoja na mwingine. Viwango vilivyowekwa SHA ilipoanza ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Katika hospitali nyingi za binafsi upasuaji unapita laki moja, kwa hivyo uliza pia kama hospitali uliyochagua imeingia mkataba na SHA.

Fungu la tatu ni la nyumbani, na ndilo husahaulika zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Mama mboga, msusi na fundi wa nguo hawana barua ya likizo. Siku ya kujifungua, kibanda kinafungwa. Kule Pwani mama hukaa ndani siku arobaini akikandwa na kupikiwa. Kule Murang'a na Nyeri watu watakuja na njahi na uji. Lakini kodi ya nyumba haijui mambo ya arobaini. Hesabu wiki sita za kodi, chakula, tokeni za stima na pedi, uone ni pesa ngapi. Hiyo ndiyo shabaha ya fungu la tatu. Linaweza kubaki kwa jina la mama, kwa sababu hakuna atakayelihitaji usiku wa leba.

Kuweka pole pole

Tuchukue mfano wa mama wa Kayole anayeuza chapati asubuhi. Yuko wiki ya 24. Akiweka shilingi 100 kila siku mpaka wiki ya 36, ni siku 84, yaani shilingi 8,400. Akianza wiki ya 30 kwa shilingi 100 hizohizo, anafikisha 4,200 tu. Hatusemi haya kumtisha aliyechelewa. Aliye wiki ya 34 bado ana wiki mbili, na nauli peke yake ikipatikana ni kazi kubwa imeisha.

Akiba ya kufunga inasaidia, hasa kwa sisi ambao tukiona salio tunaona viatu. Lakini kuna mtego mmoja ambao tumewaona wateja wakiuingia tena na tena: wanafunga akiba mpaka tarehe ya kujifungua aliyoandika nesi kwenye kitabu. Mtoto hasomi kitabu. Anayezaliwa wiki ya 37 ametimia vizuri tu, na wengine huja kabla ya hapo. Funga akiba yako iive wiki ya 36, isipite. Na soma masharti, kwa sababu akaunti nyingi za kufunga hazikupi pesa siku hiyohiyo ukiomba kuivunja kabla ya wakati.

Ikiiva, ndipo umtumie msindikizaji fungu la hospitali. Ada ya kutuma utaikatwa mara moja. Afadhali hiyo kuliko kutuma mara sita vipande vipande kila nesi anapoitisha kitu.

Nguo za mtoto tutazipitia haraka. Gikomba, Toi, Kongowea na Kibuye mitumba ya watoto ni mizuri na mtoto anaivaa wiki chache tu kabla haijambana. Muulize nesi hospitali yako inataka uje na nini: pamba, pedi kubwa, beseni, leso, sabuni, shali. Hospitali zinatofautiana, na kuna mama waliotumwa duka la nje usiku kununua pamba kwa bei ya kuchekesha. Nunua hivyo kwanza. Kitanda cha mtoto chenye chandarua cha maua kinaweza kungoja.

Ndani ya begi weka kitabu cha kliniki, kitambulisho, chaja na pawabenki iliyojaa. Hiyo ya mwisho ni ushauri wetu tunaousimamia kabisa. Simu iliyozima haina salio.

Jambo moja ambalo halisubiri pesa

Kama kuna damu inatoka, maji yamevunjika, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, una degedege au homa kali, au mtoto aliyekuwa akicheza ametulia, nenda hospitali saa hiyo. Usingoje akiba iive, usingoje chama kituma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Fika kwanza, pesa itafuata.

Baada ya mtoto kufika

Picha ya mtoto ikishaingia kwenye stetasi, matapeli nao wameiona. Meseji yao inajulikana: mtoto amezidiwa, anahitaji oksijeni au damu, tuma haraka kwa namba hii. Wanamtumia bibi kijijini, wanamtumia mjomba, yaani yeyote asiyekuwa wodini. Ndiyo maana tulikuambia uandike namba ya malipo ya hospitali na jina lake. Ipeleke kwa familia yote mapema: pesa ya hospitali ni kwa namba hii pekee, au kwa msindikizaji huyu. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma jina kwenye skrini. Likiwa jina la mtu binafsi na umeambiwa ni hospitali, acha hapo na upige simu. Na kama umeshatuma kimakosa, tuambie dakika hiyohiyo, kabla aliyepokea hajatoa kwa wakala. Akishatoa, mikono yetu inafungwa.

Michango ya chama, kazini na kanisani inakuja mingi ndani ya siku chache. Ichange kwenye namba moja, si kwa watu wanne. Mwenye kuipokea atume orodha kwa kikundi jioni, jina na kiasi. Tumeona undugu ukivunjika kwa sababu ya shilingi 2,000 ambayo kila mtu alidhani iko kwa mwenzake.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka, hakikisha umepewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, kwani ndiyo ya kuombea cheti. Ombi linafanywa kwenye eCitizen na malipo yanaingia namba 222222, si kwa namba ya mtu anayekaa nje ya ofisi na bahasha. Mwongeze mtoto kwenye SHA pia. Chanjo za kwanza, BCG na polio, hupewa akizaliwa, kisha mnarudi akiwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tenga nauli ya safari hizo tatu sasa hivi, ziko ndani ya fungu lile la nyumbani.

Na mama, ukishapata usingizi wa kutosha walau masaa mawili, badilisha PIN yako. Tunajua kuna mtu uliyemwambia, hata baada ya kusoma haya yote.