SOMO LETU: KIKOMBE CHA UMEME KINAPOSHIKA MAJI



Sisi wa kisiwa cha Nkombo tunaishi ndani ya Ziwa Kivu. Mto Ruzizi unatoka ziwani humu, na umeme wake unafanya kazi viwandani tangu miaka ya 1950. Kituo cha pili kilifunguliwa 1989. Tukivuka kwenda kazini tunapita chini ya nyaya bila kutazama juu. Leo tujifunze kutazama.

1. Kikombe ni nini?
Ni kile kinachoshika waya na kuuzuia umeme usishuke kwenye nguzo. Zamani vilikuwa vya kauri au kioo. Siku hizi viko vingi vya mpira wa silikoni: ndani ufito mgumu wa nyuzi za kioo, nje mpira wenye visahani.

2. Nguvu yake iko wapi?
Mwagia maji jani la magimbi, au mateke kama tuyaitavyo huku. Maji hujikusanya matone, yakateleza. Mpira mzima hufanya vivyo hivyo. Matone yaliyotengana hayaupi umeme njia. Maji yaliyotanda juu ya uchafu huupa. Tena mpira huu una mafuta yake ya silikoni, nayo hupanda polepole yakafunika hata vumbi. Kwa hiyo kikombe chenye vumbi si lazima kiwe kibovu.

3. Huzeeka vipi?
Jua, cheche na vumbi zito, kama la saruji, huula uso wa mpira. Ukipata siku kavu hujirudia. Mvua na cheche zisipoupa nafasi, mafuta hayawahi kupanda. Maji hutanda, umeme hutambaa, cheche huchimba mpira mpaka ufito uonekane. Maji yakiufikia, ufito waweza kukatika, na waya ukaanguka.

Mafundi hunyunyiza maji na kutoa alama 1 hadi 7. Moja ni matone matupu. Saba ni maji yaliyotanda kabisa.

4. Wajibu wetu
Tumewahi kumwona msimamizi akimpa kibarua kitambaa na petroli, apande kupangusa vikombe. Tulimwuliza: umeme umezimwa na nani? Hakuwa na jibu, na kibarua hakupanda. Petroli huvimbisha mpira huo. Umeme huua mtu. Kusafisha na kupima ni kazi ya fundi, baada ya waya kuzimwa, kuhakikishwa na kuunganishwa na ardhi.

Sisi tutazame tukiwa chini: mpira uliopasuka, alama nyeusi, cheche za usiku, mlio wakati wa ukungu. Tupeleke taarifa kwa maandishi, pamoja na tarehe na namba ya nguzo. Waya ukianguka, tukae mbali, tuwazuie wenzetu, tuwaite mafundi.

Maswali ya tawi
(a) Kazini kwetu, nani anapokea taarifa ya kikombe kibovu?
(b) Mfanyakazi anayekataa kupanda nguzo yenye umeme analindwaje?

Umoja ni nguvu.